Matofali ya matundu, luva na bati angavu: mwaka mmoja na nusu wa kuishi navyo

Saa nane mchana, mwezi wa pili, nilikuwa nimeketi sebuleni kwangu Kange, Tanga, nikisahihisha madaftari ya darasa la tatu huku taa inawaka. Nje lilikuwa jua la kaskazi, lile linalowafanya mbuzi wajibanze ukutani. Ndani nilihitaji taa ili nione kama mtoto ameandika "b" au "d", na jasho la mkono lilikuwa limeshalowesha kurasa mbili. Nikaweka kalamu chini, nikaitazama nyumba niliyoijenga kwa miaka sita, kwa mkopo wa mshahara na fedha za kikoba, nikasema hapana, hatuwezi kuendelea kuishi hivi.

Hapa naeleza nilinunua nini baada ya siku ile, kwa bei gani, na baada ya miezi 18 kipi kimenifaa na kipi kimenisumbua. Naandika kirefu kwa sababu nilipokuwa natafuta habari hizi sikumpata mtu wa kunieleza. Wauzaji walinitajia bei, mafundi wakanitajia siku za kazi. Hakuna aliyeniambia nyumba itakuwaje mvua ya masika ikipiga kwa ubavu.

Kwanza nyumba yenyewe. Vyumba vitatu, sebule, jiko la ndani, na korido nyembamba katikati. Juu bati la msauzi, chini yake dari ya jipsamu yenye maua pembezoni, madirisha ya aluminiamu ya slaidi yenye vioo vyeusi, nje uzio wa futi saba. Wageni waliisifia, nami nilifurahi wakiisifia. Lakini nyuma ya kabati chumbani kwa binti yangu plasta ilikuwa imeota ule weusi wa fangasi, na kikohozi chake cha usiku kilikuwa hakiishi. Niliufuta weusi ule kwa dawa mara tatu, ukarudi mara tatu.

Fundi niliyeelekezwa ni mzee mwenye uwanja wa kufyatulia matofali Mikanjuni. Hana kibao wala kadi. Nilimwamkia, tukaulizana hali, nikamwambia nataka anifungie feni kubwa darini. Akauliza nyumba imeelekea wapi. Nikamjibu imeelekea barabarani. "Barabara sijaiuliza, mwalimu," akasema. "Nauliza upepo." Bei hakutaja. Alisema atakuja mara mbili kwanza, mchana mara moja na usiku mara moja, ndipo tuzungumze.

Usiku aliokuja, baada ya isha, aliniomba chetezo. Nikakileta nikidhani anataka kufukiza kwa heri ya kazi. Akatia ubani juu ya kaa, akakiweka chetezo katikati ya sebule, madirisha yote wazi, milango imefungwa kama tunavyofunga tukilala, kisha akanyamaza. Tukakaa tunautazama moshi. Ulipanda mpaka darini, ukatandaa chini ya jipsamu kama shuka, ukabaki palepale. Akakihamishia chumbani kwa binti yangu, ikawa vilevile. Koridoni vilevile. Mwishoni akafungua mlango wa mbele na wa jikoni kwa pamoja, na moshi wote ukakimbilia jikoni ukatoka. "Nyumba yako ina pa kuingilia hewa," akasema, "pa kutokea haina. Sasa itaingiaje?"

Nimefundisha sayansi miaka 17. Nimeandika ubaoni mara nyingi kwamba hewa ya moto hupanda juu. Na miaka yote hiyo nilikuwa narudi nyumbani kulala chini ya hewa ya moto niliyoifungia mwenyewe darini, kwa jipsamu niliyoilipia.

Jambo la pili alilonionesha ni hesabu tu. Dirisha la slaidi la vioo viwili, hata ulisukume mpaka mwisho, nusu yake daima imezibwa na kioo cha pili. Dirisha langu la sebuleni lina futi tano kwa nne. Nimelipia futi za mraba 20, zinazopitisha hewa ni 10. Weka wavu wa mbu ulioshika vumbi, weka na pazia zito, utaona kinachobaki. Ningependa kila muuza aluminiamu amweleze mteja hili kabla ya kupokea malipo ya awali, kwa sababu ukishajenga umeshajenga.

Upepo wenyewe kwetu hauna siri. Kaskazi inatoka kaskazini-mashariki kuanzia mwishoni mwa mwaka mpaka mwezi wa tatu, kusi inatoka kusini-mashariki katikati ya mwaka. Zote mbili zinatoka upande wa baharini. Kwa hiyo nyumba ya Tanga mtu anajua kabisa hewa itaingilia wapi, na pa kutokea ni upande wa magharibi, juu, karibu na dari. Nyumba yangu upande wa magharibi ilikuwa ukuta mtupu.

Kazi iliyofanyika ni hii. Ukuta wa magharibi, juu ya lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha, alitoboa na kupanga matofali ya matundu 48, wengine huyaita matofali ya urembo, kozi mbili, yaani mistari miwili, yamesambazwa sebuleni, jikoni na chumba kimoja. Lenta hakuigusa hata kidogo, na alinionya kwamba fundi yeyote atakayetaka kukata lenta ili apate nafasi nimfukuze, maana ndiyo iliyobeba ukuta wote wa juu. Juu ya milango ya vyumba alifungua nafasi ya inchi kumi akaweka fremu ya mbao yenye wavu, ili hewa ya chumbani ipite hata mlango ukiwa na komeo. Madirisha manne ya upande wa upepo tuling'oa slaidi tukaweka luva, vile vioo vyembamba vinavyopangwa kimoja juu ya kingine na kufunguka kwa pamoja. Darini, koridoni, tulikata jipsamu, na juu yake tukabadilisha bati moja la kawaida kwa bati angavu, lile la plastiki linalopitisha mwanga. Jingine likawekwa jikoni. Kisha kuta zote za ndani na dari tukapiga chokaa nyeupe, ya hapahapa Tanga, badala ya ile rangi ya krimu iliyoiva.

Hesabu ilikuwa hivi. Matofali 48 kwa Sh 3,000 kila moja ni 144,000. Luva nne na fremu zake 380,000. Mabati angavu mawili 76,000. Mbao, wavu, skrubu na saruji 110,000. Chokaa na brashi 45,000. Ufundi 350,000. Jumla Sh 1,105,000. Niliuza slaidi mbili kati ya zilizong'olewa, zikanipunguzia kidogo. Fedha hizo zingenipatia kiyoyozi kimoja kwa chumba kimoja, na baada ya hapo ningekilisha luku kila mwezi.

Niseme kuhusu matofali yake, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Huyu mzee mfuko mmoja wa saruji anatoa matofali 30 ya inchi sita. Wapo wanaofika 50, na ukilikwaruza tofali lao kwa ufunguo linamwaga mchanga kama chumvi. Matofali yake anayamwagilia asubuhi na jioni kwa wiki nzima chini ya magunia ya maji, na anakuacha uchague moja ulidondoshe kutoka usawa wa kiuno. Nililidondosha. Likapasuka kona, halikusambaa. Ya matundu yanahitaji uangalifu zaidi maana mbavu zake ni nyembamba, na katika yale 48 manne yalikuja na nyufa za unywele. Aliyabadilisha bila maneno.

Matokeo. Nina kipimajoto cha ukutani, cha kawaida tu. Kabla ya kazi, saa nane mchana mwezi wa pili, sebule ilikuwa inasoma nyuzi 34. Mwezi wa pili uliofuata, saa ileile, ilisoma 31. Chumbani saa nne usiku ilishuka kutoka 32 hadi 29. Nyuzi tatu unaweza kuziona ndogo ukizisoma, lakini mwili unazijua: shuka halinati tena mgongoni, na feni nawasha usiku mmojammoja. Luku niliyokuwa naweka ya Sh 35,000 kwa mwezi sasa ni kama 22,000. Taa ya mchana nimeisahau. Korido, ambayo ilikuwa giza kiasi kwamba tulikuwa tunapapasa ukuta adhuhuri, sasa ndiyo mahali binti yangu anapopenda kusomea, ameweka mkeka pale chini ya bati angavu.

Kuhusu ule weusi wa ukutani, nataka kuwa mkweli, maana ningeweza kuwapa luva sifa isiyo yake. Fundi alipozunguka nyuma ya nyumba alikuta udongo umejikusanya ukutani, umepanda juu ya usawa wa jamvi, yaani sakafu ya zege, na maji ya bati yanadondokea papo hapo. Ukuta ulikuwa unakunywa maji kutoka nje. Aliuchimba udongo ule futi mbili kutoka ukutani, akaweka kokoto na mfereji, na ndani tukalivuta kabati inchi nne kutoka kwenye plasta. Fangasi haijarudi. Binti yangu analala usiku kucha. Mimi si daktari, siwezi kukuambia ni kipi hasa kilichofanya kazi, ila najua kwamba kama ningefunga ile feni niliyoitaka, ukuta ungeendelea kunywa.

Sasa matatizo, na yapo.

La kwanza ni luva na mvua ya kusi. Mwezi wa tano wa kwanza, mvua ilikuja kwa ubavu usiku, na luva hata ukizifunga kabisa hazibani kama slaidi. Maji yalipenya kati ya kioo na kioo, godoro la upande wa dirisha likalowa. Fundi alirudi akaongeza kijipaa cha bati cha futi mbili juu ya madirisha mawili ya kusini-mashariki, na hicho alinitoza, Sh 60,000. Nilikubali kulipa, ila naamini alipaswa kuniambia mwanzoni. Mtu aliyeishi Tanga maisha yake yote anajua kusi inavyonyesha. Ukiweka luva upande ule, weka na kijipaa siku hiyohiyo.

La pili ni usalama. Kioo cha luva kinachomoka kwa mkono kutoka nje, mtoto anaweza. Bila nondo kwa ndani usithubutu. Mimi nondo zilikuwepo tayari. Asiyekuwa nazo aongeze gharama hiyo kabla hajafurahia bei ya luva.

La tatu ni vumbi na kelele. Luva moja ina vioo vinane hadi kumi, na kila kioo kina pande mbili, na sisi tupo karibu na barabara ya vumbi. Jumamosi nzima inaishia hapo. Redio ya jirani sasa naisikia kama ipo kwangu. Hili la redio limenisumbua kuliko nilivyotarajia, hasa usiku wa kuamkia siku za kazi, na dawa yake sijaipata.

La nne ni lile bati angavu la jikoni. Lilikuwa kosa. Jiko langu ni dogo, linaelekea magharibi, na saa tisa alasiri jua lilikuwa linanishukia utosini nikipika. Zaidi ya hapo, kijana wa fundi alilipigilia misumari moja kwa moja. Bati la plastiki hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi kuliko la chuma, kwa hiyo tundu linatakiwa litobolewe kwanza kwa drili, liwe pana kuliko skrubu, na kuwe na mpira juu yake. La kwangu lilipasuka kwenye misumari miwili ndani ya miezi mitatu, likavuja. Mzee mwenyewe alipanda juu, akalitoa, akarudisha la chuma, hakunidai hata senti, na akamsimamisha yule kijana pale pale amtazame anavyotoboa lile la koridoni upya. Kwa hilo namheshimu. Fundi akirudi kwenye kosa lake bila kupigiwa simu mara kumi, mtunze.

Na kama una bati la msauzi kama mimi, jua kwamba bati angavu lenye mkunjo wa msauzi halipatikani kirahisi. La kwangu liliagizwa Dar es Salaam, wiki tatu. Lenye mkunjo wa kawaida unalipata siku hiyohiyo.

Swali ninaloulizwa zaidi na kila jirani ni mbu. Umefungua nyumba yote hivi, si umewaalika? Tupo Tanga, malaria tunaijua kwa majina yake yote, na swali ni la haki. Kila tundu lina wavu: juu ya milango, nyuma ya matofali, kwenye luva. Na kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Mbu wa malaria anapenda sana kuingilia ule uwazi kati ya ukuta na paa. Nyumba nyingi za udongo uwazi huo upo na hauna wavu, kwa hiyo zina mbu na bado ndani kuna joto, kwa sababu madirisha ni madogo. Shangazi yangu wa Muheza ndiye aliyenihadithia kuhusu Magoda, kijiji ambacho watafiti na wasanifu wa Denmark walijenga nyumba sita za mfano, kuta zake za juu zikiwa za vitu vyepesi vinavyopitisha hewa, nyingine zikiwa na vyumba vya kulala ghorofani, zote zimezibwa dhidi ya mbu. Zilikuwa na ubaridi kuliko za jirani na mbu walipungua. Baadaye kazi hiyo ilihamia Mtwara, zikajengwa nyumba 110 vijijini, na watafiti wamewafuatilia watoto wanaoishi humo. Kwa hiyo anayesema lazima uchague kati ya hewa na mbu hajaona wavu uliofungwa vizuri. Kazi yake ni kuufua. Wangu naufua kila baada ya miezi miwili, na maji yanayotoka ni meusi.

Haya yote bibi mzaa mama angeyaona ya kawaida. Nyumba yake ya Pangani ilikuwa ya mawe na chokaa, kuta nene kiasi kwamba sisi watoto tulikuwa tunakaa dirishani miguu ikining'inia, boriti juu sana, na ua katikati. Joto la mchana lilipanda, usiku ua ukashusha ubaridi vyumbani. Barazani palikuwa na upepo hata mwezi wa pili. Tulipoanza kujenga wenyewe tukashusha dari ili ipendeze, tukafuta ua ili tupate chumba kingine, tukazungusha uzio mpaka upepo ukakosa njia. Mimi ni mmoja wao. Niliwahi kusoma utafiti uliofanywa katika hospitali nane za Lima, nchini Peru, ukachapishwa mwaka 2007: wodi zilizofunguliwa madirisha na milango zilibadilisha hewa yake yote mara 28 kwa saa kwa kipimo cha kati, wakati vyumba vya mashine maalumu vya wagonjwa wa kifua kikuu vilihesabiwa mara 12. Na zilizofanya vizuri zaidi ni zile za zamani, zilizojengwa kabla ya 1950, zenye dari ndefu na madirisha makubwa. Niliposoma pale nilimkumbuka bibi.

Nisipite bila kutaja mkaa. Masika wengi wetu tunaingiza jiko la mkaa ndani. Mkaa uliokolea hauna moshi lakini una hewa ya sumu, haina harufu wala rangi, na watu hulala wasiamke. Matofali ya matundu jikoni yanasaidia, hayaruhusu kulala na jiko chumbani. Litoe nje.

Sasa shule, ambako ndiko moyo wangu uliko.

Darasa langu lina watoto 71 katika chumba kilichokusudiwa watoto 45. Upande mmoja madirisha yalizibwa kwa matofali miaka mingi iliyopita baada ya madawati kuibiwa. Upande wa pili luva zilipakwa rangi ili watoto wasichungulie nje. Kuta mpaka usawa wa kifua zilikuwa kijani kibichi cha rangi ya mafuta, maana haionyeshi uchafu. Ubao ulikuwa katikati ya madirisha mawili, kwa hiyo mtoto akiutazama anatazama mwanga, na ubao wenyewe anauona kama kivuli. Kufika saa sita chumba kilikuwa kinanuka jasho na vumbi la chaki, na vichwa vinaanza kulala madawatini. Miaka yote nilisema ni uvivu wa baada ya uji.

Nilimwomba mwenyekiti wa kamati ya shule aje nyumbani kwangu kunywa chai. Nilimkalisha koridoni, chini ya bati angavu, sikusema kitu. Aliuliza mwenyewe. Kamati ikaita kikao, wazazi wakachangia kwa hiari, wengine fedha, wengine mchanga na nguvu. Fundi alifanya darasa moja kwa Sh 640,000, likizo ya mwezi wa sita.

Alianza tena na chetezo. Safari hii watoto walikuwepo, na sijawahi kuona somo la sayansi likieleweka haraka namna ile.

Madirisha yaliyozibwa aliyafungua, lakini badala ya kuweka vioo aliyajaza matofali ya matundu kuanzia usawa wa mtoto aliyeketi mpaka juu. Mwizi hapiti, hewa inapita, na inapita mwilini mwa mtoto, si juu ya kichwa chake tu. Luva zilikwanguliwa rangi. Ubao ulihamishwa ukuta wa mwisho, ili mwanga wa madirisha uwajie watoto kutoka mkono wa kushoto. Sababu yake nzuri: wengi wanaandika kwa mkono wa kulia, na mwanga ukitoka kulia mkono unatia kivuli palepale kalamu inapoandika. Nina watoto watano wa mkono wa kushoto darasani. Hao nimewapanga karibu kabisa na dirisha, wapate mwanga wa kutosha hata hivyo.

Juu aliweka mabati angavu manne, na hapa ndipo nilipomvulia kofia. Aliyaweka mgongo wa paa unaoelekea kusini. Nilimuuliza kwa nini asiyagawe pande zote. Akanielekeza kwenye kalenda. Tanga ipo nyuzi tano kusini ya ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa mwezi wa tatu mpaka mwanzoni mwa mwezi wa kumi, miezi saba, jua la adhuhuri linakuwa upande wetu wa kaskazini. Bati linaloelekea kusini muda huo linapokea mwanga wa anga zaidi kuliko jua lenyewe, na mwanga huo ni mpole, hautupi duara la moto juu ya dawati la mtoto mmoja. Miezi ya kaskazi jua linahamia kusini na ule mduara unakuja kweli, kama saa nzima mchana. Tumetundika kanga mbili nyeupe chini ya yale mabati kwa miezi hiyo. Zinafaa.

Kuta zote chokaa nyeupe. Zinachafuka, ndiyo. Tunapaka upya kila likizo ya mwezi wa kumi na mbili, ndoo mbili na watoto wa darasa la sita, asubuhi moja.

Kuna mvulana mmoja nilikuwa nimeshamwandikia kwenye taarifa ya mzazi kwamba ni mzito wa kusoma. Anakaa kona ya nyuma kwa sababu ni mrefu. Wiki ya pili baada ya kufungua shule aliinua mkono akasoma sentensi nzima ubaoni bila kukwama. Nilimwita mezani nikamuuliza tangu lini anajua kusoma. Akanijibu, "Mwalimu, zamani palikuwa hapaonekani." Nilikwenda kwao jioni ile kumwomba mama yake ile taarifa niiandike upya.

Yasiyotatuliwa shuleni ni haya. Mvua ikinyesha kwenye bati lisilo na dari hakuna somo, na matofali ya matundu hayajasaidia lolote hapo. Darasa la nne wakiimba majedwali yao ya kuzidisha, yanaingia kwetu neno kwa neno. Joto la bati lenyewe bado linashuka kichwani alasiri. Dari ya makuti yaliyosukwa ilipendekezwa, ikakataliwa kwa hofu ya moto, na nadhani kamati ilikuwa sahihi. Na chumba chenye hewa nzuri chenye watoto 71 bado kina watoto 71.

Kwa ufupi wa mnunuzi: nyumba ikiwa bado boma, usinunue slaidi kwanza. Acha nafasi juu ya lenta upande wa magharibi, weka luva upande wa bahari pamoja na nondo na kijipaa, na bati angavu moja koridoni linatosha. Ikiwa nyumba imeshakamilika na fedha ni ndogo, anza na nafasi juu ya milango na matofali kumi tu ya matundu, huku ukipaka chokaa. Kwa bei nilizolipa mimi, vifaa vya hayo havifiki Sh 200,000 bila ufundi, na naamini kwangu kazi za aina hiyo ndizo zilizoleta zaidi ya nusu ya nafuu yote.

Fundi anapatikana uwanjani kwake asubuhi, kabla ya saa tatu, Ijumaa haji. Ukimpigia simu hatapokea, nenda mwenyewe. Atataka kuja usiku, mkubalie, na uwe na ubani ndani. Darasa letu la pili limepangwa mwezi wa sita, wavu nimeshaununua mita 30, umeviringishwa nyuma ya mlango wa ofisi ya walimu.